Gauni la Vifungo vya Ubavuni

Ilikuwa mwaka elfu mbili na nne. Hapana, ngoja, nisiseme uongo. Elfu mbili na nne nilikuwa bado naendesha lori la saruji, na mtu anayeendesha lori la saruji hana nafasi ya kukaa dirishani kumshikia shemeji yake picha ili ahesabu vifungo. Itakuwa elfu mbili na sita. Lori lilikuwa limeshauzwa, mimi nimestaafu nusu kwa kupenda na nusu kwa kutopenda, na ukoo mzima wa mke wangu ulikuwa umegundua kwamba sasa nina nafasi.

Aliyegundua kuliko wote ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mtaa mzima ulimwita Pini, nami nitamwita hivyo hivyo, maana hata ukimwita kwa jina lake huchelewa kuitika. Alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa kiwanda: cherehani ya miguu karibu na mlango kufuata mwanga, meza ndefu ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa unaowagawa wateja katikati, na kamba iliyotundikwa nguo za watu waliosema watazifuata kesho tangu mwaka juzi. Pini zilikaa pembeni mwa mdomo wake kutwa nzima. Alizungumza nazo, alicheka nazo, nadhani hata chai alikunywa nazo. Wasiomjua walidhani amekasirika. Waliomjua walijua kwamba ni kweli amekasirika.

Aliwahi kuolewa. Mume alipoamua kuondoka, aliondoka na cherehani, kwa sababu nyumbani mle hakikuwamo kingine cha maana. Pini alimfuata kwa miguu mpaka stendi ya mabasi, akapanda ngazi ya nyuma ya basi, akaishusha cherehani kutoka kwenye keria mbele ya abiria wote, kisha akamwambia dereva yeye amemaliza, waendelee na safari. Mume alikuwa ndani, kiti cha dirishani. Hakumshusha.

Na alikuwa na ugonjwa wa kufumua. Akiona mshono umepinda kidogo, hata nguo iwe imeshavaliwa na mteja anajigeuzageuza kiooni, atamvua. Mteja anasema, mimi nimeipenda hivi hivi. Pini anamjibu, "Wewe umeipenda. Mimi sijaipenda." Nguo inarudi mezani, na ile kesho inakuwa kesho kutwa.

Sasa nije kwenye macho ya Mama Mkwe, kwa sababu yote yalianzia hapo. Mama yao hawa wawili, mke wangu na Pini, alianza kumimina chai nje ya kikombe. Tukampeleka kwa daktari wa macho. Daktari akasema ni presha ya macho, imeshakula sehemu kubwa, dawa ya matone itaichelewesha lakini kilichokwenda hakirudi. Kama kuna vitu anapenda kuviona, avione sasa. Mama Mkwe aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Akafunga mkoba wake, akamshukuru daktari, tukarudi.

Kesho yake akatuita. Mimi nilikaa karibu na mlango, kama mkwe anavyokaa, tayari kutumwa.

"Ninyi nimewaona," akasema. "Wajukuu nimewaona. Mtu mmoja tu sijamwona. Nataka kumwona mama yangu kabla taa haijazimwa."

Mama yake alifariki siku ile ile alipomzaa yeye. Baba yake alikwenda kumchukua mtoto kwa wakwe zake, akamleta kwa mama yake mwenyewe katika mji mwingine, akaoa mke wa pili, akafunga mdomo. Hakuwahi kusema habari za marehemu, wala za ndugu zake, wala za nyumba aliyotoka. Alipokufa aliacha kopo la biskuti limejaa picha. Kopo hilo lilikuwa juu ya kabati la Mama Mkwe miaka yote, na kila mtu alijua kwamba humo ndani, mahali fulani, mama yumo. Ni yupi, ndilo lililokuwa halijulikani.

Nyuma ya picha hakukuwa na jina hata moja. Kulikuwa na maneno ya kupendeza. Moja imeandikwa "Ukumbusho". Nyingine "Kwa umpendaye". Nyingine, kwa mwandiko wa kukokota, "Nikumbuke daima". Pini aliipindua hiyo, akaipindua tena, akaniangalia mimi kana kwamba ndimi niliyeandika.

"Nikumbuke nani?" akasema. "Mtu anasema nikumbuke, halafu hasemi yeye ni nani. Sasa nimkumbuke kwa kitu gani, kwa pua?"

Fununu tulikuwa nayo moja. Yule bibi aliyemlea Mama Mkwe, mzaa baba yake, alimwambia siku moja, katika kumsuka nywele, kwamba mama yako alikuja kutambulishwa kwetu amevaa gauni zuri, la vifungo vya ubavuni. Basi. Maisha yote ya mtu yakabaki vifungo.

Kwa mtu mwingine hiyo si habari. Kwa Pini ilikuwa kama kumwonyesha mbwa mfupa. Alimwaga kopo lote juu ya meza ya kukatia, akawasha taa ya cherehani, akaazima lenzi ya fundi saa, na mimi nikawekwa dirishani. Shemeji shika hapa. Shemeji geuza. Shemeji usiweke kidole, unaziba upindo. Watu katika picha wana macho, wana midomo, wengine wazuri kabisa, lakini Pini hakuwaangalia usoni. Aliangalia kola, akaangalia mikono ilivyoingizwa, akaangalia kitambaa kimekatwa kwa mshazari au kimenyooka. Akapata picha tatu. Katika zote tatu kuna mwanamke kijana amekaa kwenye kiti, na katika zote tatu gauni ni lile lile: vifungo vimeshuka ubavuni kutoka kwapani mpaka kiunoni, na karibu na goti pameshonwa kiraka kidogo, kwa ustadi, ambacho mimi nisingekiona hata ningefufuka mara mbili.

"Ndiye huyu," akasema. "Mmoja, mara tatu."

Nikamwambia, shemeji, mbona huyu ana uso wa duara na huyu uso wake mrefu?

"Hapa alikuwa amekonda."

Na huyu ana mwanya, huyu hana.

"Mwanya unaonekana mtu akicheka. Wewe ukienda kupigwa picha unacheka?"

Na huyu anaonekana mtoto, nikasema, kama msichana wa darasani.

"Shemeji," akasema, "ulipokuwa unaendesha lori, mimi niliwahi kukushikia usukani?"

Nikaendelea kushika.

Lakini zile tofauti tatu zilimsumbua hata yeye, alitaka mtu wa kumthibitishia. Ndipo alipochora ukoo. Aliuchora kwa chaki ya fundi juu ya karatasi ya kukatia patani, ile ya kahawia, ndefu kama meza: babu huku, bibi kule, mistari inashuka kama pindo za sketi. Ulipendeza. Kisha akaja mama mmoja mnene kupima nguo ya harusi ya binti yake, akachoka kusubiri, akakaa juu ya meza, juu ya ile chaki. Alipoinuka aliondoka na upande mzima wa akina mzaa baba. Pini alimkimbilia barabarani kumwomba asimame ili kilichoandikwa nyuma yake kisomwe, na yule mama hadi leo hasalimiani nasi.

Tukaanza kuzunguka kwa ndugu. Sikwambii. Nimeendesha lori kwenye tope la siku tatu, sijawahi kuchoka kama nilivyochoka kwenye sebule za watu, nikiwa na bahasha ya picha magotini. Ndugu hawasemi sijui. Angalau mmoja angesema sijui, tungemwekea alama akapumzika. Binamu mmoja alishika picha dakika nyingi, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema huyu ni mama. Pini akamuuliza mama yupi. Akasema mama wa wale. Wale wepi? Wale wa kule. Kule wapi? Akamtazama Pini kwa huruma, akasema, kumbe huwajui watu wako. Mwingine alimtambua kila mtu bila kuvaa miwani, na tulipompa miwani akawatambua upya, wengine.

Lakini aliyetumaliza ni Mjomba. Huyu ni mdogo wake Mama Mkwe kwa baba, mtoto wa yule mke wa pili, mstaafu wa posta, mtu msafi, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kumkumbatia. Yeye hakuwa na shida na wakubwa walio pichani. Yeye aliangalia watoto.

"Huyu hapa ni mimi," akasema.

"Mjomba, huyu amevaa gauni," Pini akasema.

"Zamani watoto wote walivaa magauni."

"Na huyu wa pembeni yake?"

Mjomba akainama, akaisogeza picha karibu na mbali. "Huyu naye ni mimi."

"Wote wawili? Picha moja?"

"Mpiga picha yule alikuwa hodari sana," akasema Mjomba, akaturudishia.

Tulikwenda kwake mara nyingi kuliko kwa mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndiye aliyesalia wa rika lile, na kila tulipotoka Pini alitembea mbele yangu, visigino vinapiga lami kama cherehani.

Huku macho ya Mama Mkwe hayatusubiri. Alianza kugeuza kichwa upande ili aone, kama kuku anavyotazama punje. Kila jioni Pini alipopita kumwona, aliulizwa swali moja: mmempata? Na Pini hakuwa mtu wa kujibu bado kwa muda mrefu. Mwisho akaamua. Kati ya zile picha tatu alichagua iliyo safi zaidi, ya mwanamke mwenye uso wa duara na kidevu cha kukataa, kwa sababu, alisema, kidevu kile ni cha mama mtupu. Akaipeleka studio ikakuzwa, ikasafishwa mikwaruzo, ikatiwa fremu.

Siku ya kumkabidhi, Mama Mkwe alikaa kizingitini kwenye jua la asubuhi, akaiweka fremu magotini, akaisogeza mpaka pua yake ikagusa kioo. Alikaa hivyo. Mke wangu akaanza kulia, nami nikatoka nje kukagua tairi za gari ambalo si langu.

Toka siku hiyo alikuwa naye kila asubuhi. Alimwambia mambo yake yote, tangu mwanzo, kwa utaratibu: alivyolelewa, alivyoolewa, watoto waliokaa na waliokwenda, mumewe alivyougua. Nyumba ikaizoea sauti ile. Siku moja nilimsikia akimweleza kwamba mkwe wake, yaani mimi, ni mtu mwema, ila anakula kwa sauti. Nimejirekebisha.

Basi tungeishia hapo, watu wote wakiwa na furaha. Mjomba akaja kumsalimia dada yake.

Alisimama mbele ya picha mikono nyuma, kama mtu anayekagua stempu. Akasema imetoka vizuri. Halafu akasema, kwa sauti ya kupitisha muda tu, kwamba angeiona yule mdogo wake angefurahi sana.

Pini alikuwa amepiga magoti akimpima Mama Mkwe urefu wa gauni la nyumbani. "Mdogo wake nani?"

"Mdogo wake marehemu. Yule bibi wa kule reli inapoishia. Kila mwaka mpya huleta kadi ya salamu kwenye sanduku langu la posta. Mwaka huu alichelewa kidogo."

Pini alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto anachofunga mkononi. Mimi nilizihesabu kwa woga, maana sijawahi kuuona mdomo wake mtupu.

"Mjomba," akasema, "miezi yote hii tunakuja kwako. Tunakaa kwenye makochi yako. Kwa nini hukusema?"

Mjomba alishangaa kabisa, tena kwa moyo safi. "Mlikuja na picha, mkaniuliza huyu nani. Hakuna aliyeniuliza nani yuko hai."

Mpaka leo sijui mtu anajibu nini hapo. Pini alimaliza kupima, akaandika vipimo, akaniambia, shemeji, kesho tunasafiri.

Reli inapoishia ni mbali, na tulipofika tuliuliza njia kwa watu watatu ambao nao, nadhani, walikuwa ndugu zetu kwa jinsi walivyoelekeza. Bibi tulimkuta uani, mdogo wa mwili, amekaa kwenye kiti cha plastiki amevaa sweta la kiume, anachambua maharage bila kuyatazama. Pini alipojieleza kwamba ni mjukuu wa dada yake, bibi alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamnusa, akasema alikuwa ameshakata tamaa, alidhani salamu zake zinasomwa na wafanyakazi wa posta. Nikasema kwa hakika, bibi, ndivyo ilivyokuwa.

Tulipokwisha kunywa chai, Pini akapanga zile picha tatu juu ya sinia. Akamwambia, hizi tatu za gauni ni bibi yangu, tunazo, tumeshamtambua. Tumekuja kuuliza wengine.

Bibi akazitazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na Pini akawa anampiga mgongoni huku amekunja uso.

"Mtoto, gauni lilikuwa la nyumba," akasema alipopata pumzi. "Baba alinunua moja, sisi watatu. Mpiga picha alipita na mashine yake ya miguu mitatu, akaweka kiti uani. Anayekaa ndiye anayevaa. Akimaliza anavua, anaingia mwingine."

Nikamtazama Pini. Fundi mwingine yeyote, na hata asiye fundi, angeona sura tatu akasema watu watatu. Yeye aliona kiraka.

Bibi akaweka kidole kwenye picha ya kwanza: huyu ni dada mkubwa. Akaweka kwenye ya pili, ile ya msichana: huyu ni mimi. Akaweka kwenye ya tatu, ya yule tuliyemkuza, ambaye wakati huo huo huenda alikuwa magotini pa Mama Mkwe akisimuliwa habari.

"Huyu si wa kwetu. Huyu alikuwa mpangaji wa chumba cha uani. Alitoka mbali, sikumbuki wapi. Aliona tunapigwa, akaomba gauni naye apigwe, apate picha ya kuwapelekea kwao."

Nikauliza mimi. Nikasema, bibi, na dada yako mwenyewe, aliyemzaa mama yetu, yuko wapi?

"Si huyu hapa."

Akarudisha kidole kwenye picha yake mwenyewe, ya pili. Lakini hakukiweka usoni. Alikiweka kiunoni. Pale kiunoni pa yule msichana, kutoka nyuma ya kiti, vidole vinne vimelishika gauni vikalikunja. Tulikuwa tumeviona siku zote. Tulidhani ni vya msichana. Pini akachukua lenzi, akainama, na hapo nikaona shingo yake inabadilika rangi, kwa sababu mikono ya yule msichana ilikuwa mapajani pake, yote miwili, imetulia vizuri. Vifungo tulivihesabu mpaka vikatuota. Mikono hakuna aliyeihesabu.

"Lilinipwaya kama gunia," bibi akasema. "Dada akachuchumaa nyuma ya kiti akalivuta, linikae. Mpiga picha akatuambia tusipumue. Mimi nilipumua, yeye hakupumua."

"Kwa nini yeye hakuvaa?" Pini akauliza.

"Lilikuwa halimwingii. Alikuwa na mimba ya mama yenu. Akasema hakuna shida, yeye atapigwa mpiga picha akirudi, akishajifungua." Bibi akachukua maharage mengine. "Mpiga picha alirudi."

Baadaye alitueleza tu kwamba baba yake Mama Mkwe alipokuja kumchukua mtoto, walimpa picha zote zilizokuwemo ndani, na ya mpangaji ikiwemo, kwa kuwa hawakuwa na kitu kingine cha kumpa mtu aliyefiwa.

Njia nzima ya kurudi tuligombana kwa sauti ya chini, kama watu wanavyogombana ndani ya basi. Mimi nilisema tumwache Mama. Ana mama yake, ana furaha, macho yamebaki uzi, tunamfungulia nini? Na hilo la mimba ndilo baya kabisa: utamwambiaje mtu kwamba mama yake hana picha kwa sababu yake yeye? Mke wangu tulipofika akasema maneno hayo hayo, tena akalia. Pini alitusikiliza wote wawili, kisha akasema:

"Nimemshonea mama yangu mama wa mtu mwingine. Mnataka avae hivyo hivyo?"

Nikamwambia, mteja ameipenda.

Pini akapeleka ile picha ya pili studio, akamwambia kijana wa pale akuze hapa, kiunoni. Yule akauliza, nikate kichwa? Kata. Akasema kwa kawaida watu hukata mikono ili uso ubaki. Pini akamwambia kata. Tulipoifuata tukakuta uso wa yule msichana umekuzwa, unang'aa, na kiunoni safi kabisa, gauni tupu. Kijana akatueleza kwa fahari kwamba aligundua kuna mkono wa ziada, kosa la mashine za zamani, akausafisha bila kutudai zaidi. Nilimshika Pini begani kabla hajavuka kaunta. Ikarudiwa, naye akisimamia.

Asubuhi ya pili yake tukaenda. Mama Mkwe alikuwa kizingitini, fremu magotini, yuko katikati ya habari za mafuriko ya zamani. Pini akakaa chini mbele yake. Akamwambia kwamba mwanamke huyo siye mama yake. Alisema moja kwa moja, bila kuzungushazungusha, kama anavyomwambia mteja kitambaa chake hakitoshi. Akamsimulia gauni la nyumba, kiti, na bibi wa kule reli inapoishia. Akamwekea picha mpya mkononi.

Mama Mkwe akageuza kichwa upande, akaitafuta kwa ukingo wa jicho. Ilimchukua muda.

"Miezi yote mnanitafutia uso," akasema, "mmeniletea vidole."

"Ndivyo vilivyopo, mama."

Akasogeza picha kwenye jua. Akaipitia kidole kwa kidole. Halafu akauliza lile swali, na mimi niliyekuwa mlangoni nikatamani kuwa kwenye lori langu, popote, kwenye tope.

"Kwa nini yeye hakuvaa?"

Pini akafungua mdomo, akaufunga. Mtu aliyeshusha cherehani kutoka juu ya basi. Mikono yake ikawa inatafuta pini ambazo hazikuwepo.

"Lilimbana," akasema mwishowe.

Uani kuku wa jirani aliingia, akatoka, hakuna aliyemfukuza. Nilianza kumlaani Pini kimoyomoyo, na daktari, na Mjomba na sanduku lake la posta.

"Kwa hiyo siku ile na mimi nilikuwepo," akasema Mama Mkwe.

"Ulikuwepo, mama."

"Nyuma ya kiti."

"Ndiyo, mama."

Akaitazama tena ile picha, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama ile ya kwanza. Hakulia. Alisema tu kwamba kucha zake zilikuwa safi. Pini akainuka, akainama kuchukua fremu ya mpangaji ili aiondoe, na Mama Mkwe akaikamata kwa mkono mwingine.

"Unampeleka wapi?"

"Si wetu huyu, mama."

"Nimeshamwambia mambo yangu yote. Akitoka hapa atakwenda nayo wapi? Mwache."

Akaachwa. Nuru ikaisha kabla mwaka haujaisha, na hata baada ya hapo Mama Mkwe alikaa kizingitini na zote mbili, kubwa magotini, ndogo kiganjani. Amefariki miaka kadhaa sasa. Picha ya vidole tulimzika nayo, hilo aliliomba mwenyewe. Pini bado anashona, ingawa uzi siku hizi anatungiwa, na amekuwa kero mpya ya ukoo: kwenye harusi hakuna anayeruhusiwa kula kabla hajaandika majina nyuma ya picha za harusi iliyopita. Mjomba aliletewa moja aandike. Akaandika kwa wino, juu ya kichwa cha mtoto wa mjukuu wake, "Mimi".

Fremu ya mpangaji imeangukia kwangu. Wengine hawakumtaka, na kumtupa siwezi, mtu anayejua kwamba nakula kwa sauti. Yuko ukutani sebuleni. Kila mgeni anauliza, huyu ndiye mama yake mama mkwe? Nasema siye. Basi ni nani? Nasema sijui. Wananitazama kama mtu aliyekosa adabu kwa wafu wake.

Nilimwandikia yule bibi kumuuliza mpangaji alitoka wapi hasa, nikapitishia kwenye sanduku la Mjomba, na jibu halikuja. Labda bibi alikuwa ameshatangulia, labda lipo ndani ya sanduku. Pini nilimuuliza, akanijibu na pini mdomoni, sikusikia. Kinachonisumbua ni kidogo tu. Yule mama alivaa gauni la watu, akakaa, akajizuia kupumua, ili kwao wapate kumwona. Picha ikabaki kwetu. Na mpiga picha, nadhani, alizisafisha zote pamoja, akazigawa kwa mkono mmoja, akiangalia gauni kama sisi. Sasa huko kwao, waliomngojea, walipelekewa ya nani?